Ukuta Usio na Baraza

Hapana mtu mwenye akili timamu apendaye kukaa pabaya pale awezapo kukaa pazuri. Nyumba yenye hewa, maji yasiyokatika, kivuli cha miti na usingizi usiovunjwa na kelele ni matakwa ya kila mwanadamu, wala hekima ya wazee haikuyahesabu kuwa dhambi. Swali ninalotaka kulifikiri pamoja na msomaji, basi, halihusu kama ni halali mtu kuwa na nyumba nzuri. Linahusu jambo lililo gumu zaidi. Watu wenye nyumba nzuri wakikusanyika mahali pamoja hata wakawa mtaa mzima, mtaa huo una deni gani kwa mji uliouzaa? Mtu mmoja aweza kuwa tajiri bila ya kumdhulumu jirani yake. Je, mtaa mzima waweza?

Mfano nitakaoutumia ni Oysterbay na Masaki, mitaa iliyo katika rasi ya Msasani, kaskazini ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nimeichagua kwa sababu mbili: historia yake yajulikana, na lugha yetu wenyewe imeitunzia kumbukumbu. Mji ulipokuwa chini ya wageni, watu waliugawa kwa majina matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Siku hizi mtaa wa wenye nafasi huitwa ushuani, na mtaa wa wasio na nafasi ungali ukiitwa uswahilini. Jina la kwanza limebadilika, la tatu limebaki kama lilivyokuwa. Ni ajabu kwamba katika nchi iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na fahari yake, neno lenye maana ya "kwa Waswahili" hutumiwa bado kutaja mahali pa msongamano, vumbi na maji ya kununua kwa ndoo. Neno la namna hii halizeeki mpaka jambo lililolizaa lizeeke kwanza.

Tutazame jambo hilo lilivyokua. Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sayyid Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860. Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, nao ndio walioanza kuamrisha nyumba za namna gani zijengwe wapi. Waingereza waliutwaa mwaka 1916, wakaiendeleza desturi ile kwa kuugawa mji katika kanda tatu. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kanuni za kanda hizo zilisema juu ya majengo. Hapa zijengwe nyumba za namna ya Kizungu. Hapa nyumba za makazi na biashara. Hapa nyumba za namna ya kienyeji. Kanuni hazikuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu, maana kila mtu alijua nani awezaye kujenga nyumba ya namna gani. Baina ya kanda ya pili na ya tatu uliachwa wazi uwanja wa Mnazi Mmoja, na ng'ambo ya uwanja huo palikuwa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Huko ndiko Waafrika walikotakiwa kukaa.

Uzunguni wa kwanza ulikuwa karibu na bandari, nao haukukawia kuwa mdogo. Mwaka 1929 Daraja la Salenda lilijengwa penye mdomo wa mto Msimbazi, na njia ya kwenda ufuko wa kaskazini ikafunguka. Ng'ambo ya daraja palikuwa na minazi, mikorosho na wavuvi. Kijiji cha Msasani kilikuwa pale zamani, na makaburi yake ya kale ni ushahidi kwamba pwani ile haikuwa pori lisilo mwenyewe. Huko ndiko mtaa mpya ulikokua: viwanja vipana, nyumba zilizo mbalimbali, bustani, na upepo wa bahari usiozuiwa na paa la jirani. Kisha mpango wa mji wa mwaka 1949 ukaleta lugha nyingine. Ulisema juu ya ujazo, yaani wingi wa nyumba na watu katika eneo. Viwanja vya ujazo mdogo vikawa kule kwa Wazungu, vya ujazo wa kati kwa Wahindi, na vya ujazo mkubwa kwa Waafrika. Lugha ilikuwa ya wahandisi, na mpaka ulikuwa uleule.

Ulipokuja Uhuru mwaka 1961, nyumba za Oysterbay hazikubomolewa, wala hapakuwa na sababu ya kuzibomoa. Ziliingia mawaziri, wakuu wa idara, mabalozi na wataalamu. Rangi iliondoka mlangoni, cheo kikaingia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na sheria ya mwaka 1971 ilitwaa kwa niaba ya umma majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kwa muda, basi, ilielekea kuwa mtu angekaa katika nyumba ile kama mgeni wa taifa, akitoka siku atokapo kazini. Lakini mwaka 1991 chama tawala, katika kikao chake cha Zanzibar, kiliyalegeza masharti ya uongozi. Na katika miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi katika nyumba za serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakikaa ndani yake. Tangu hapo lugha ya nne ndiyo inayotawala, nayo ni fedha. Nyumba za zamani zenye varanda na bustani zimekuwa zikiangushwa, na mahali pake yakapanda maghorofa, mahoteli, maofisi na maduka.

Msomaji aone jinsi lugha nne zilivyopokezana: aina ya jengo, ujazo, cheo, fedha. Hapana hata moja iliyowahi kusema waziwazi, "Fulani asikae hapa." Kila moja ilisema jambo la maana lisilo na chuki: nyumba iwe imara, watu wasibanane, mtumishi wa serikali apate makazi, kila bidhaa iwe na bei yake. Na mwisho wa kila moja, walio wengi walikuwa upande uleule wa mto. Hili ndilo fundisho la kwanza la historia hii. Mpaka hauna haja ya mtu mwovu wa kuulinda. Ukiisha chorwa juu ya ardhi, waweza kulindwa na watu wema wanaofuata sheria, kila kizazi kwa sababu zake.

Hapa mwenye nyumba atajibu, na ni haki asikilizwe. Atasema: "Mimi sikuwaweka Waafrika Kariakoo. Nilizaliwa baada ya hayo. Kiwanja hiki nilikinunua kwa fedha niliyoitolea jasho, nalipa kodi, simwombi mtu. Mgala muue na haki yake mpe." Sehemu kubwa ya maneno haya ni kweli, na mtu anayeyacheka kwa sababu tu yametoka kinywani mwa tajiri hatafuti haki, ana wivu. Lakini ndani ya maneno haya limo jambo moja linalopaswa kupimwa, nalo ni thamani ya kiwanja.

Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu juu ya mali ya taifa, na humo alishika hoja kwamba ardhi ni kipawa cha Mungu kwa watu wote. Mtu aweza kudai kuwa ni yake ile kazi aliyoitia katika ardhi, wala hawezi kuidai ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ingali ikisimama juu ya msingi huo: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Tuitumie hoja hiyo Masaki. Chukua viwanja viwili vilivyo sawa kwa upana, kimoja Masaki, kimoja nje kabisa ya jiji. Wenyewe wote wawili wamelala miaka ishirini bila ya kutia jembe wala tofali. Wakiamka, mmoja ana mali nyingi na mwingine ana kidogo. Tofauti hiyo imetoka wapi? Haikutoka katika jasho la yeyote, kwa kuwa wote walikuwa wamelala. Imetoka katika barabara, madaraja, mabomba, nguzo za umeme, shule, polisi, na zaidi ya yote katika wingi wa watu waliokuja kufanya kazi katika jiji hilo. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliuona mji wenye watu 128,742. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta mkoa wenye watu zaidi ya 5,380,000. Wengi wao hawajawahi kulala Masaki hata usiku mmoja, lakini kila mmoja aliyeshuka katika basi na kifurushi chake aliongeza kitu katika bei ya kiwanja cha Masaki.

Mfano ulio karibu ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Linapita juu ya bahari kwa urefu wa kilomita moja hivi, kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan mpaka karibu na ufuko wa Coco. Lilijengwa kwa fedha za serikali na mkopo wa Korea ya Kusini. Daraja ni la wote, na yeyote mwenye chombo hulipita. Sina neno juu ya hilo. Lakini mkopo hulipwa na taifa zima, pamoja na mkulima wa Kigoma ambaye yamkini hataliona. Na wakati kila mpitaji anapata dakika chache za safari, mwenye kiwanja ng'ambo amepata zaidi: ardhi yake imesogezwa karibu na mji bila ya yeye kuinua mkono. Zawadi hiyo aliipokea bila kuiomba, kwa hiyo si mwizi. Lakini mtu aliyepewa zawadi na wengi, kisha akasema yote aliyo nayo ni jasho lake peke yake, hesabu yake ina kasoro. Ndiyo maana nasema kodi ya ardhi na ya majengo katika mtaa kama huu isiitwe msaada wa matajiri kwa maskini. Ni malipo ya deni, na deni haliombewi shukrani.

Mwenye nyumba ana hoja ya pili, nayo ni usalama. Kuta za Masaki ni ndefu, na juu yake pana nyaya za umeme. Langoni yuko mlinzi. Atasema wezi wapo, na hatari kubwa kuliko wezi imekwisha onekana. Ni kweli. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipasuka mbele ya ubalozi wa Marekani, katika barabara ya Laibon, likaua watu 11. Hakuna atakayemlaumu mtu kwa kujikinga baada ya siku kama hiyo. Lakini twapaswa kuangalia pia ni akina nani waliokufa. Hapakuwa na Mmarekani hata mmoja kati yao. Waliofariki walikuwa watu waliokuwa nje, penye lango na karibu na ukuta, kama ilivyo kawaida ya kuta kuwakinga walio ndani kwa kuwaweka wengine mbele yao. Kila ukuta unaolindwa una mtu aliyesimama upande wake mbaya. Mtu huyo ana jina, ana watoto, na jioni hurudi Mbagala au Gongo la Mboto. Ikiwa usalama wa nyumba umesimama juu ya kifua chake, basi ujira wake, kinga yake na matibabu yake ni sehemu ya gharama ya ukuta, kama saruji na nondo zilivyo.

Yafaa niseme wazi kwamba ukuta peke yake si kosa. Pwani yetu imejua nyumba za matajiri tangu zamani. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zina kuta nene na milango mizito iliyonakshiwa, na mambo ya ndani yalisitiriwa sana. Lakini nje ya nyumba nyingi katika hizo pana baraza, kibao cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wenyewe, kikiwa wazi kwa njia. Juu ya baraza alikaa mwenye nyumba na wageni wake. Alikaa pia mpitaji aliyechoka, mwenye shauri, mwenye deni, na mwenye habari. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ijapokuwa ya udongo na makuti au bati, nayo ilikuwa na baraza mbele. Ukuta ulisema, "Hapa ndipo mwisho wa njia yako." Baraza ilisema, "Lakini kaa." Mtu aliweza kuwa na siri zake bila ya kuwa mgeni katika mtaa wake.

Nisije nikaonekana kuisifu zamani kupita kiasi. Nyingi katika nyumba zile za mawe zilijengwa na kuendeshwa kwa kazi ya watumwa, na baraza haikuifanya mali ile kuwa halali. Haikumkomboa mtu. Neno ninalolichukua kwake ni dogo zaidi: baraza ilimlazimisha tajiri kuonana na watu, na kuonana ni mwanzo wa kuhesabiana. Mwenye kukaa barazani hawezi kusema hakujua kwamba kisima cha mtaa kimekauka, kwa kuwa wenye ndoo tupu wamempita asubuhi nzima.

Katika mtaa wa kuta ndefu kujuana kumekwenda upande mmoja tu. Mpishi, yaya, mtunza bustani na mlinzi wanaijua nyumba ya tajiri mpaka chini ya vitanda. Wanajua saa ya chakula, dawa za mwenye nyumba, na jina la mbwa. Yeye, kwa upande wake, aghalabu hajui wanakaa wapi, wanalipa nauli ngapi, na mvua kubwa inaponyesha maji yanafika wapi katika chumba chao. Mto Msimbazi wapita chini ya Daraja la Salenda kabla ya kuingia baharini. Ni mto uleule unaofurika bondeni Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kadha wa kadha katika jiji hili na kuwaacha maelfu bila makao. Mtu aweza kuuvuka mto huo mara mbili kila siku kwa miaka mingi asijue kitu chochote juu yake ila foleni ya magari darajani.

Kama wakaao ng'ambo ya daraja wangekuwa watu wasio na amri, kutojua kwao kungekuwa hasara yao wenyewe. Lakini tangu siku za wakoloni mtaa huu umekuwa na watu wengi wenye madaraka: wenye kutia sahihi, wenye kutoa mikopo, wenye kushauri serikali. Hao ndio wanaoamua bomba lipite wapi, mfereji upi uchimbwe kwanza, mtaa upi upimwe na upi uvunjwe. Wazee walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hawakusema kuwa aliyeshiba ni mbaya, walisema hajui. Mtaa uliojengwa ili mtu asione ni kiwanda cha kutojua, na mji unaoongozwa kutoka katika mtaa huo utaendelea kutendewa makosa na watu wenye nia njema. Hapa ndipo ninapopata jibu la swali la mwanzo. Mtaa mzima waweza kudhulumu hata kama hapana mkaazi wake mmoja aliyekusudia dhuluma, na njia yake ya kudhulumu ni kuwanyima wakaazi wake maarifa ya watu wanaoishi kwa kazi yao.

Lakini mtaa huu unayo baraza moja, ingawa hakuna aliyeijenga kwa nia hiyo. Ni ufuko wa Coco. Siku za mwisho wa juma na za sikukuu watu huja kutoka kila pembe ya jiji, kwa daladala, kwa pikipiki na kwa miguu. Watoto huoga, vijana hucheza mpira mchangani, mihogo hukaangwa na kuliwa kwa pilipili na chachandu. Mwenye nyumba ya mamilioni na fundi wa baiskeli hutazama bahari moja, na hapana anayemwuliza mwenzake amefuata nini. Ufuko ni mwembamba, na bei ya ardhi iliyo nyuma yake ni kubwa. Si ajabu kwamba umetamaniwa na wenye mitaji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 tangu ufukoni kuwa mahali pasipofanyiwa shughuli za kudumu. Sheria ni nzuri, lakini tumekwisha ona katika historia hii kwamba mpaka hupata lugha mpya kila lugha ya zamani inapochoka. Siku moja utasemwa kwa lugha ya usafi, siku nyingine kwa lugha ya utalii, siku nyingine kwa lugha ya usalama au maendeleo. Kila lugha itakuwa na sehemu ya kweli. Msomaji wa kesho aulize swali moja tu juu ya kila moja: mpango huu ukiisha, fundi wa baiskeli ataketi wapi?

Deni la mtaa wa matajiri, basi, ni la namna tatu. La kwanza ni la fedha: thamani iliyofanywa na wote irudi kwa wote kwa njia ya kodi ya haki, nayo itumike mahali ambako bomba halijafika. La pili ni la nafasi: katika mpango wa mtaa pawe na viwanja vidogo na vyumba vya bei nafuu, ili anayepika na kulinda aweze, akitaka, kukaa karibu na kazi yake, asitumie saa nne za kila siku njiani kwa ajili ya usingizi wa mtu mwingine. La tatu ni la macho: pabaki mahali ambapo walio nacho na wasio nacho wanaonana bila ya mmoja kuwa mtumishi wa mwenzake. Deni la kwanza laweza kulipwa na serikali iliyo imara. La pili laweza kulipwa na wapimaji na wajenzi. La tatu halilipiki kwa amri, ila laweza kupotezwa kwa amri, siku ufuko utakapozungushiwa ukuta.

Jengeni, basi, nyumba nzuri, na mwenye kutaka ukuta ajenge ukuta. Lakini asiusahau upande wake wa nje. Upande huo nao ni sehemu ya nyumba yake, na wanaoupita kila siku ni wengi kuliko watakaoalikwa ndani.